Video za harusi Pemba: kabla ya kubana, chambua

Kwa sisi tunaopiga video za harusi hapa Pemba, mwaka una misimu yake. Idi ndogo ikipita tu harusi hufuatana, wiki hii Konde, wiki ijayo Kengeja, na Shaabani ikiingia kila mzazi anataka amalize shughuli yake kabla mwezi haujaandama. Kisha Ramadhani inafika, ngoma zinanyamaza, kamera zinarudi kwenye mikoba yake, na mimi nabaki na diski zilizojaa. Baada ya tarawehe mpaka wakati wa daku, huo ndio wakati wangu wa kubana video, yaani kupunguza ukubwa wa faili zake. Nimeifanya kazi hii kwa miaka, khasa upande wa wanawake ambako mpiga video mwanamme haingii, na nataka kuandika niliyojifunza kwa ajili ya mabinti wanaoanza sasa. Wengi wao hunijia na swali moja: "Shangazi, setingi gani nzuri?" Mimi huwajibu kwa swali jengine: ndani ya hizo faili mna nini?

Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayotulazimisha. Kamera nyingi tulizoanzia ni za AVCHD, mfumo ulioletwa na Sony na Panasonic mwaka 2006, zinazoandika faili za MTS. Kwa ubora wake wa juu kamera hizo hufika megabiti 24 kwa sekunde. Gawa kwa nane, unapata megabaiti 3 kila sekunde, na saa moja inakula karibu gigabaiti 11. Na harusi yetu si ya saa moja. Kuna usiku wa hina, kuna ndoa yenyewe, kuna ukumbini, kuna kwenda kumtazama bibi harusi siku ya pili, na mara nyingi kamera ni mbili. Gigabaiti 100 kwa harusi moja si jambo la kushangaza. Ukiibana vizuri, picha ileile ya 1080, yaani ya mistari 1080, inaweza kushuka mpaka kama megabiti 5 kwa sekunde, na saa moja ikawa gigabaiti mbili na robo. Hapo mzazi anaweza kuiweka harusi ya mwanawe kwenye flashi ya bei ndogo na kuitia kwenye televisheni ya sebuleni.

Mtu anaweza kuuliza: kamera nayo si inabana? Inabana, tena kwa H.264, namna ileile ya kubana tutakayoitumia sisi, iliyotoka mwaka 2003. Lakini kamera inalazimika kubana papo hapo, kwa chipu ndogo na betri ndogo, huku bibi harusi anaingia na haimsubiri mtu. Kompyuta ina usiku mzima. Inaweza kuitazama fremu hii, yaani picha moja katika zile zinazounda video, ikatazama zilizotangulia na zitakazofuata, ikatafuta kilichojirudia na kukiandika mara moja tu. Kwa hiyo usiione kompyuta inakwenda polepole ukadhani imeharibika. Polepole ile ndiyo inayopunguza ukubwa.

Programu ninazotumia ni mbili, zote za bure na zenye msimbo wazi. HandBrake, aliyoianzisha Eric Petit mwaka 2003, ina dirisha na vitufe, na ina foleni: unaifungulia folda nzima, inazisoma faili zote, unazitia kwenye foleni kwa pamoja, halafu unakwenda kulala. FFmpeg, iliyoanzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2000, haina dirisha la kubofya. Unaiandikia amri nayo inatii. Wanaoanza waanze na HandBrake. FFmpeg wataihitaji baadaye, na nitasema wapi.

Foleni inaleta raha, na raha hiyo ndiyo inayowapeleka watu pabaya. Mtu ana folda ya faili mia mbili za kila aina, anachagua setingi moja, anabonyeza, analala. Asubuhi amepata faili mia mbili zilizobanwa kwa namna moja: nyengine hazikuhitaji kuguswa, nyengine zimeharibika, chache zimekuwa nzuri. Karafuu zinaporudi kutoka shamba hazianikwi na makonyo yake, vile vijiti vinavyozishika. Watu hukaa kitako jioni, baraza nzima, wakazichambua, karafuu huku na makonyo kule, na asubuhi yake ndipo zikaanikwa. Mimi faili nazichambua hivyohivyo kabla sijaigusa HandBrake, na siku za kuchambua huwa nyingi kuliko usiku wa kubana.

Fungu la kwanza ninalolitoa ni la faili zisizohitaji kubanwa kabisa. Hili watu hulisahau, na ni kubwa kuliko wanavyofikiri. Faili za MOV zilizotoka kwenye simu au kamera, ambazo ndani yake ni H.264 ya kawaida, mara nyingi tatizo lake ni ganda tu, yaani aina ya faili inayobeba picha na sauti: televisheni inaijua MP4, haiijui MOV. Hapo hakuna haja ya kubana upya. Unahamisha picha na sauti kama zilivyo kutoka ganda hili kwenda lile, na hapa ndipo FFmpeg inapokuwa bingwa:

ffmpeg -i harusi.mov -c copy harusi.mp4

Maneno hayo mawili, -c copy, yanaiambia inakili bila ya kubana. Faili la saa nzima linamalizika kwa muda mfupi ambao HandBrake isingekuwa imefika mbali, na ubora haupungui hata chembe. Ukitaka folda nzima kwa mara moja, kwenye dirisha la amri la Windows unaandika hivi:

for %f in (*.mov) do ffmpeg -n -i "%f" -c copy "%~nf.mp4"

Ile -n inaikataza kuandika juu ya faili lililokuwepo. Msiiache.

Katika fungu hilihili natia VCD za zamani. Hizo zilibanwa kwa MPEG-1, picha ya pikseli 352 kwa 288, na zilibanwa sana tangu mwanzo. Kuzibana tena ni kupoteza kilichobaki, na faida ya nafasi ni ndogo mno. Nazinakili kama zilivyo, basi. Kila ukibana kitu kilichokwisha kubanwa unapoteza tena, na kilichopotea hakirudi kwa setingi yoyote, hata mtu akikuahidi vipi.

Fungu la kanda ni kazi nyengine. Wapo wenye VHS za harusi za miaka ya themanini na tisini, zilizopigwa kwa kamera zilizoletwa na jamaa kutoka Maskati au Dubai, na wapo wenye MiniDV za baada yake. Kanda inasomwa kwa mwendo wake, saa moja kwa saa moja, na MiniDV ikiingia kwenye kompyuta saa moja ni kama gigabaiti 13. Picha za kanda hizi, kwa mfumo wa televisheni wa PAL tuliotumia huku, hazikuandikwa fremu nzima kwa mara moja. Kila fremu ni nusu mbili, mistari ya shufwa na mistari ya witiri, na kila nusu ilipigwa kwa wakati wake: nusu 50 kwa sekunde. Televisheni za zamani zilizionesha hivyo na jicho halikuona kitu. Kwenye simu ya leo, mkono wa mpiga dufu unapokwenda unaacha vistari vilivyochongoka pembeni. Lazima nusu hizo ziunganishwe kabla ya kubana, kwa kichujio cha Yadif au Bwdif kilichomo ndani ya HandBrake, na chaguo la bob, ambalo linaifanya kila nusu iwe fremu kamili na video ikawa ya fremu 50. Ukibana bila ya kufanya hivyo, vistari vile vinagandishwa ndani ya picha, na kuviondoa baadaye ni tabu tupu. Kamera za AVCHD nazo nyingi zilipiga kwa namna hii, kwa hiyo msidhani ni mambo ya kanda peke yake.

Jengine la kanda ni umbo. Picha ya PAL ina pikseli 720 kwa 576, lakini pikseli zake si za mraba, na picha hiyo inatakiwa ionekane kwa uwiano wa nne kwa tatu. Nimeona harusi nyingi za zamani zimevutwa zikajaza televisheni pana, bibi zetu wote wamenenepa, meza za keki zimekuwa ndefu kama jahazi. Mistari myeusi pembeni haina ubaya. Ni afadhali mara mia kuliko kumbadilisha marehemu umbo lake mbele ya watoto wake. Na mchezo wa HandBrake wa kukata kingo za picha bila ya kuambiwa mimi nauzima kwa mafungu yangu yote. Programu inachungulia fremu chache tu ndani ya faili ili ijue wapi pana weusi wa kukata, na kama shughuli ilifanyika usiku chini ya taa hafifu, fremu zenyewe ni nyeusi. Inaweza kukata mahali alipokaa mtu.

Simu zina mafungu yake. Tangu mwaka 2017 iPhone nyingi huandika kwa HEVC, ambayo ni H.265, na televisheni kongwe hazijui hata kuifungua. Halafu simu haziendi kwa mwendo mmoja; gizani hupunguza fremu, mwangani huongeza. Video ya hivyo ukiitia kwenye programu ya kuhariri pamoja na ya kamera, sauti inaanza kuachana na midomo, kidogo kidogo, mpaka mwisho wa kasida mwimbaji ameshafunga mdomo na sauti bado inaendelea. Kwa fungu la simu nachagua mwendo wa fremu usiobadilika, nazigeuza zote kuwa H.264 yenye fremu 25 au 50, kisha ndiyo nahariri.

Sasa nifike kwenye jambo ninalolithamini kuliko yote niliyokwisha kuyasema. Mafungu yakishakuwa tayari, kabla ya foleni, natafuta ndani ya kila fungu dakika moja iliyo ngumu kuliko zote, naibana hiyo peke yake. HandBrake inakuruhusu kuchagua kuanzia sekunde fulani mpaka sekunde fulani, hivyo huna haja ya kukata chochote.

Dakika ngumu ni ipi? Kubana ni kutafuta kinachojirudia. Shehe amekaa anasoma hotuba ya ndoa, ukuta nyuma yake haubadiliki, zulia halibadiliki, kinachokwenda ni midomo na ndevu; hapo setingi yoyote itakupa picha nzuri, na mtu anayejaribia hapo anajidanganya. Mfikishe bibi harusi ukumbini. Chetezo kinapita mbele yake, moshi wa udi unapanda, na moshi hauna umbo linalojirudia hata kwa fremu mbili. Gauni lina vishanga na kila kishanga kinaakisi taa kivyake. Taa zenyewe zinazunguka na kubadilisha rangi, nyekundu, kijani, buluu. Wanawake wanamiminika kutunza, noti zinapepea. Hapo programu haina cha kushika, na kama umeibania, picha inavunjika vipande vya mraba, uso wa bibi harusi unakuwa kama umefutwa kwa kitambaa. Na ndiyo dakika ambayo mama yake atairudia kuliko dakika yoyote. Jaribu hapo. Kikipita hapo, kitapita kwengine kote.

Halafu tazama mikono. Piko na hina za usiku mmoja ni kazi ya saa nyingi, mistari myembamba kuliko uzi, na mchoraji mzuri hapa Pemba ana jina lake. Mistari hiyo ndiyo ya kwanza kufutika. Natia dakika ya mikono karibu na dakika ya udi, nazitazama zote mbili kwenye televisheni, si kwenye kioo kidogo cha laptopu, na nakaa umbali watakaokaa wenyewe sebuleni.

Namba inayotawala haya kwenye HandBrake inaitwa RF. Ikipungua, ubora unapanda na faili linakua. Ikiongezeka, faili linapungua. Kwa picha ya 1080 wenyewe wa programu wanapendekeza baina ya 20 na 24, na kwa picha ndogo za kanda baina ya 18 na 22. Kwa H.264, ukiongeza sita, ukubwa unashuka karibu nusu. Uzuri wa RF kwa kazi ya mafungu ni kuwa huiambii programu itumie data kiasi gani. Unaiambia ubora unaoutaka, na kila faili linachukua linachohitaji. Hotuba ya ndoa inachukua kidogo, udi unachukua nyingi. Yule anayeweka megabiti 3 kwa kila kitu anaipa hotuba zaidi ya haja yake na anaunyima udi. Mimi kwa ukumbi wenye taa nashuka mpaka 20. Kwa hina ya ndani mchana, 22 inanitosha. Lakini msizichukue namba zangu. Zichukueni dakika zenu ngumu mkazipime.

Nilipoanza kuchukua na kazi za ngoma ndipo niliposoma zaidi. Msewe ni ngoma ya kwetu, wanaume wanafunga msewe miguuni na mlio wake ndio unaoushika mwendo. Setingi iliyo tayari ndani ya HandBrake, ile ya haraka ya 1080, inaweka kikomo cha fremu 30 kwa sekunde. Kamera zetu zikipiga fremu 50, programu inaangusha mbili katika kila tano, na miguu ya wachezaji inakuwa inarukaruka, kama mchezaji anakosea hatua. Anayeijua ngoma ataona mara moja kuwa kuna kitu hakipo sawa ingawa hatojua kusema ni nini. Chagua mwendo uleule wa asili. Na sauti: mlio wa msewe ni mkali na mwembamba, wa juu kabisa, na sauti ikibanwa sana ndiyo inayokatwa mwanzo, unabaki mvumo tu. Kibati nako, ambako watu wawili wanajibizana kwa maneno ya haraka juu ya ngoma, ukiibana sauti sana maneno yanaungana na utani wote umepotea. Kwa ngoma, kasida na taarabu siigusi sauti: nachagua inakiliwe kama ilivyo. Sauti ni sehemu ndogo sana ya faili, kuibana kunaokoa nafasi isiyofika popote.

Umeme. Wazee wa kazi hii wanakumbuka kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010, Unguja ilipokaa bila ya umeme wa kutoka bara, na studio za mjini zilipokuwa zinaishi kwa majenereta. Sisi Pemba wakati ule bado tulikuwa kwenye majenereta ya dizeli. Waya wetu wa chini ya bahari kutoka Tanga umeanza mwaka huohuo wa 2010. Mambo sasa ni mazuri zaidi, lakini foleni ya usiku mzima lazima ipangwe kwa kudhani kuwa umeme utakatika. Faili la MP4 kwa kawaida linaandika ramani yake mwishoni kabisa. Umeme ukikatika kabla ya hapo, una gigabaiti mbili zisizofunguka. MKV, ganda jengine, haiko hivyo; ikikatika, kilichokwisha kuandikwa kinafunguka. Kwa hiyo usiku nabana kwenda MKV, na asubuhi nazigeuza zote kuwa MP4 kwa ile amri ya -c copy. HandBrake yenyewe inaikumbuka foleni yake. Ukiiwasha tena inauliza kama iendelee. Na faili ndefu nazikata kabla, nikizigawa kwa matukio, ili kukatika kwa umeme kunipotezee nusu saa ya kazi badala ya usiku mzima.

Joto nalo ni adui. Kubana kunaitumia kompyuta kwa nguvu zake zote saa nyingi mfululizo, na kaskazi ikivuma chumba kinakuwa tanuri. Laptopu ikipata moto inajipunguza mwendo yenyewe ili isiungue, na foleni ya saa sita inakuwa ya kumi. Inyanyue kwa vibao viwili ipitishe hewa chini, iweke mbali na godoro, ielekezee feni. Wenye chipu za Intel zenye Quick Sync au kadi za NVIDIA wanaweza kubana kwa chipu ile maalumu: kazi inakwenda mbio na umeme unaliwa kidogo. Ila kwa ubora uleule faili linatoka kubwa zaidi. Naitumia mteja akiwa na safari ya boti ya asubuhi. Kwa hifadhi, naiacha kompyuta ifanye polepole.

Majina ya faili yanahitaji kusemwa ingawa yanachosha. Kamera za AVCHD huanza kila kadi mpya kwa 00000.MTS, kisha 00001.MTS. Harusi tatu zina 00000.MTS tatu. Ukizipeleka zote kwenye folda moja ya matokeo, moja itaandikwa juu ya nyengine, na utalijua hilo siku mtu akija kuitaka ya kwanza. Mimi nazibadilisha majina siku ileile ya shughuli: tarehe, kisha herufi ninazozijua mimi, kisha namba. 2024-04-20_KM_ukumbi_03. Jina la bibi harusi siliandiki.

Na hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu ndugu zangu wa bara na wa nje hawatolijua hili mpaka waambiwe. Upande wa wanawake ni faragha. Wanaocheza mle wamevua mabaibui, wamesuka, wamejipamba, wanaoneshana wenyewe kwa wenyewe. Aliyeniita ameniamini mimi, hakuiamini kompyuta yangu wala fundi wangu wala mwanangu. Ndiyo maana nasema hivi kwa ukali: tovuti zinazotoa huduma ya bure ya kubana video, ambako unapandisha faili na kulipokea dogo, hizo kwa harusi za wanawake hazifai kabisa. Umeshaipeleka kwenye kompyuta ya mtu usiyemjua, katika nchi usiyoijua, na huna njia ya kuthibitisha kama imefutwa. HandBrake na FFmpeg zinafanya kazi bila ya intaneti, ndani ya chumba chako, na hilo peke yake lingetosha kunifanya nizichague.

Nyumbani nimezima vile vipicha vidogo vinavyotokea kwenye folda, kwa kuwa mtu anaweza kupita nyuma yako akaona. Diski ya upande wa wanawake ina nenosiri lake. Kompyuta ikiharibika, diski inatolewa kabla fundi hajaigusa. Na mwenye video akitaka ifutwe, inafutwa, siulizi sababu. Ndoa nyengine huvunjika, mtu mwengine anaanza kuvaa nikabu, mwengine hataki tu. Alinijia mama mmoja wa Wete, tena kwa haya, akaniambia: "Mwanangu, ile ya binti yangu usiniwekee tena." Nikaifungua diski mbele yake, nikaifuta ile iliyobanwa na ile ya asili na nakala ya pili, akaona kwa macho yake. Kwa hiyo weka daftari la nakala zako ziko wapi. Foleni inazaa nakala kwa haraka: ya asili, ya MKV, ya MP4, ya jaribio la dakika moja. Ile ya jaribio ndiyo inayosahaulika, na ndiyo yenye uso wa bibi harusi.

Kukabidhi kuna vikwazo vyake vidogo vidogo. Flashi nyingi zinakuja na mfumo wa FAT32, usiopokea faili moja lililofika gigabaiti 4. Ndiyo sababu nyengine ya kugawa kwa matukio. Televisheni za majumbani mimi nazipa H.264 ndani ya MP4, kwa kuwa H.265, ingawa inabana zaidi, ndiyo hiyo inayoniletea simu saa tatu usiku: "Haifunguki." Na jamaa walioko Maskati, Dubai au Uingereza wanataka kwa WhatsApp. Ukiituma kama video, WhatsApp inaibana tena kwa namna yake na piko zote zinakwenda. Itume kama waraka; tangu mwaka 2022 inapokea faili mpaka gigabaiti 2, ikifika kwa mwenyewe ni ileile uliyoituma. Ya upande wa wanawake naituma kwa aliyeniita peke yake, tena kwa namba niliyoisikia kinywani mwake.

Foleni ikimalizika bado sijamaliza. Naulinganisha urefu wa kila faili jipya na wa zamani, kwa saa, dakika na sekunde, maana faili lililokatika katikati linaweza kufunguka vizuri na kuchezeka mpaka pale lilipokatikia. Kisha nafungua kila moja mahali patatu: mwanzo, katikati, na sekunde za mwisho, sauti ikiwa juu. Za asili sizigusi mpaka mwenyewe ameitazama yote nyumbani kwake na kunirudishia jibu. Wengine wanachelewa kujibu, na diski inanibana, lakini nangoja.

Wenye kanda za VHS ndani ya masanduku, msizisubirishe mpaka masika. Unyevu wa miezi ile unaleta ukungu juu ya utepe, mashine za kusomea zinazidi kuadimika, na kazi yote niliyoieleza hapa inaanza na kanda inayosomeka. Zitoeni, ziwekeni mahali pakavu zikiwa zimesimama, andikeni juu ya kila moja ni harusi ya nani na ya mwaka gani kwa kadiri mnavyokumbuka, na kama ni ya upande wa wanawake andikeni hivyo, ili ifike kwa mwanamke.